Kwa Baba Rutayisire, na Sura Mia Tatu Sitini na Tano Ulizotuachia

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ile Jumatatu ya mwezi wa kumi uliposoma Ezekieli sura ya ishirini na mbili, ukamaliza chai yako, ukaweka alama mahali pake, ukashuka karakana. Saa sita ulirudi unasema kichwa kinakuuma. Jioni presha ikakuchukua hospitalini, hata kutuaga hukutuaga.

Anayeandika ni mimi Mukunde, binti yako, mzaliwa wako wa kwanza. Mdogo wangu Bertrand amekaa hapa pembeni ananisahihisha, na unamjua Bertrand, hasahihishi kimya kimya. Tunakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ungetucheka tukitumia lugha nyingine. Kanisani uliimba Kinyarwanda, karakana uligombana na wateja kwa lugha zote za Kigali, lakini Biblia ulisoma kwa Kiswahili tu, ile ile uliyoibeba kutoka ukimbizini Karagwe tuliporudi nyumbani. Ulisema, "Mimi kusoma nilifundishwa kwa Kiswahili. Mungu mwenyewe anajua tulikutana wapi."

Kwa wasiokujua: wewe ni Johnson Rutayisire, fundi wa kuchomelea wa Gikondo. Nusu ya mageti ya mtaa wetu ni yako. Bado najua lipi ni lako nikilifungua tu, maana yako hayapigi kelele.

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya chai, sura moja, kwa sauti. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzoni mwa 1999 tulipopata nyumba hii. Ulisema macho ya mchomeleaji ni mazima asubuhi tu, ikifika jioni yameshakula moto wa kutosha. Ulivaa ile miwani uliyoifunga mkono wake kwa waya wa shaba, ukainua kitabu hadi karibu na pua, ukaanza. Sura moja kwa siku, kutoka Mwanzo hadi Ufunuo, ni zaidi ya miaka mitatu. Wenzako kanisani walimaliza kwa mwaka mmoja wakapigiwa makofi. Wewe ulisema, "Mimi sikimbizani na mtu." Mara saba ulifika mwisho. Ya nane ndiyo uliyoiacha njiani.

Sheria yako ilikuwa moja: hakuna kuruka. Ee Baba, zile sura za majina kwenye Mambo ya Nyakati! Mimi na Bertrand tumekaa na sare za shule, saa inakwenda, na wewe unakwama kwenye jina, unarudi nyuma, unalitamka tena mpaka likubali. Siku moja nilishindwa kuvumilia. Nikasema, "Baba, hawa watu walikufa zamani. Tukiruka Mungu hatajua." Hukukasirika. Ulisema, "Hawa hawana mahali pengine pa kutajwa, Mukunde. Ni hapa tu. Ukimruka mtu, nani atamtaja?" Mama akaangalia chini, nikaelewa kwamba mnawawaza na jamaa zetu waliokufa wasiotajwa popote, si watu wa Biblia peke yao. Tangu siku hiyo sikulalamikia majina tena. Nililalamikia mengine.

Tunakumbuka ulipofika kwenye vipimo vya madhabahu katika Kutoka. Ulichukua chaki ya karakana, ukapima uani kwa mkono wako mwenyewe, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, dhiraa tano huku na dhiraa tano huku. Bertrand akalala katikati akisema yeye ni kondoo. Ulicheka mpaka miwani ikaanguka. Mama hakuipigia deki ile chaki wiki nzima. Na watu wakikuuliza unampenda nani zaidi katika Biblia, wakitegemea Daudi au Paulo, ulijibu, "Bezaleli." Nani? Yule fundi aliyefanya kazi ya shaba na mbao chini ya Musa. Kanisani kwetu sijawahi kumsikia akihubiriwa hata mara moja, ila Gikondo alikuwa na rafiki.

Na rafiki zake Ayubu je? Hao uliwachukia waziwazi. Kila ulipowafikia ulipiga meza. "Siku saba za kwanza walikaa kimya naye chini, walifanya vizuri sana. Kwa nini walifungua midomo?" Hatukukuelewa, Baba. Tulikuelewa nyumba ilipojaa watu wa msiba, kila mmoja na sababu yake ya kwa nini Mungu amekuchukua. Aliyetufaa alikuwa Mzee Nasiri, yule fundi cherehani wako wa Nyamirambo. Alikuja, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye mkeka kutwa nzima bila kusema neno. Alipoondoka, Mama alisema, "Huyu amesoma Ayubu." Bertrand akasema, "Mama, huyu ni Mwislamu." Mama akasema, "Basi amemsoma mahali pengine."

Sasa ngoja nikusimulie aibu uliyotuachia.

Siku ya gukura ikiriyo, siku ile ya kumaliza matanga, Bertrand alisimama na tai yake mbele ya wote: mchungaji, majirani, wateja wako, na Shangazi Pudentienne aliyetoka Huye na rozari yake mkononi. Akainua Biblia yako. Akaonyesha alama yako, kile kipande cha boksi la vijiti vya kuchomelea. Akatangaza kwamba amehesabu kwenye simu: kutoka pale ulipoishia mpaka mwisho zimebaki sura mia tatu sitini na tano. "Mwaka mzima kamili! Baba ametuachia kalenda. Tutaendelea pale pale alipoishia, bila kuruka, na kumbukumbu yake ikifika tutakuwa tumemaliza mzunguko wake wa nane." Watu wakasema amina. Mchungaji akafuta machozi. Bertrand akafungua na kuanza kusoma.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameichungulia ile sura kwanza.

Ezekieli ishirini na tatu, Baba! Habari za wale dada wawili makahaba na wanaume wao! Mstari wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, wa tatu ukatubana. Bertrand akapunguza sauti. Akapunguza tena. Akasimama kabisa, jasho linamtoka, akamgeukia Mama: "Mama, hii sura iko mbaya."

Mama akauliza, "Ina mistari mingapi?"

"Arobaini na tisa."

"Soma. Baba yenu haruki."

Akaisoma yote. Mchungaji alitazama viatu vyake kama mtu anayetaka kuvinunua. Shangazi Pudentienne alijifunika mtandio mpaka machoni. Tulipofika mstari wa ishirini na kitu hivi, Mzee Nasiri akakohoa, na kile kikohozi kikageuka kicheko, akaziba mdomo kwa kofia yake lakini wapi. Halafu nikamsikia Mama. Mama alicheka, Baba. Siku nane alikuwa hajala vizuri, hajalala vizuri, na alicheka mpaka akashika mbavu. "Johnson anatuona," akasema. "Johnson anatucheka huko aliko." Siku ile ndipo tulipoanza kupumua.

Basi tukasoma. Bertrand alipita Jumatatu hadi Jumatano kabla ya kufungua karakana. Mimi nilitoka Remera kwa pikipiki siku zilizobaki, baridi ya asubuhi inanichapa masikio. Jumapili kadhaa tulisoma sura mbili ili kufidia zile siku za matanga. Mama alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, anasikiliza. Ulijua Mama hajui kusoma. Kambini Karagwe alilea wadogo zake wakati wenzake wanakwenda shule. Miaka ishirini na mitano wewe ndiye uliyekuwa macho yake.

Nikiri kitu, maana utakuwa unakijua. Nilikuwa Mkristo wa mistari, si wa sura. Mstari mmoja kwenye simu, una picha ya maua, nautuma kwa watu arobaini, na wewe ukiwa mmoja wao. Kila mara ulinijibu, "Asante binti yangu. Mstari wa kabla yake unasemaje?" Nilikuwa nakasirika! Sikuujua wa kabla yake wala wa baada yake. Mwaka huu nimeusoma wa kabla yake. Nimekuta manabii wenye hasira, wafalme wapumbavu, watu wanaomuuliza Mungu maswali ambayo mimi ningeogopa hata kuyawaza. Nimekuta Paulo, mtu mkubwa yule, gerezani, anaomba aletewe joho lake kabla ya baridi. Joho tu! Nilipofika hapo Mama aliinuka, akaenda nyuma ya mlango, akalichukua koti lako la kijivu, akarudi kukaa nalo mapajani mpaka sura ikaisha. Mimi nilisoma yaliyobaki kwa kulia.

Na pembeni tulikukuta wewe. Tulijua huwa unaandika tarehe kwa penseli kila sura, hatukujua huwa unaandika na mengine. Maandishi madogo, na alama ya kidole chako cheusi juu yake. "Mvua. Paa limevuja chumba cha watoto." "Bertrand ametoka hospitali, anakula." "Geti la shule limekamilika, halipigi kelele." "Mama Mukunde amecheka leo." Hilo la mwisho tumelikuta mara kumi na moja, tumehesabu. Kila tulipolikuta tulimsomea Mama, naye alijifanya hajasikia ili tulirudie.

Yakobo sura ya tatu, ile ya ulimi, mwezi wa sita 2005, uliandika: "Nimemfokea Mukunde mbele ya wateja. Nilikosea." Nilikuwa na miaka kumi na saba. Naikumbuka siku ile vizuri sana. Jioni uliingia chumbani kwangu na mandazi kwenye gazeti, ukayaweka kitandani, ukasema, "Kula," ukatoka. Niliyala kwa hasira yote, hata moja sikumwachia Bertrand. Miaka ishirini nilikuwa nasubiri uniombe msamaha, kumbe niliula.

Sasa nifike kwenye jana, maana jana ndiyo iliyotaka kutushinda.

Jana asubuhi tulisoma Ufunuo ishirini na moja. Ikabaki sura moja tu, ya leo, siku yako. Bertrand alikuwa amefurahi, ameshaongea na mchungaji, Umuhoza mkewe ameshanunua mchele. Mama akanyoosha mkono, akaichukua Biblia kwangu, akaifunga na kuiweka chini ya kitenge chake.

"Imetosha," akasema.

"Mama, imebaki moja."

"Wacheni ibaki."

Bertrand akaanza kueleza mambo ya kalenda na mzunguko wa nane. Mama akamwacha amalize, kisha akasema, polepole, neno ambalo sitalisahau. "Bertrand una mke wako. Mukunde una kazi yako Remera. Mwaka mzima mmekuja asubuhi kwa sababu kuna kazi ya baba yenu haijaisha. Ikiisha, mtakuja kufanya nini? Ikibaki moja, bado mna sababu."

Tulimwambia tutakuja. Tuliapa. Akasema, "Watu wote husema hivyo matangani," na akaingia chumbani na Biblia yako. Tulibaki tunatazamana mimi na Bertrand, tuna aibu, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa ameshapanga mwezi ujao atalala mpaka saa moja. Usikatae, Bertrand. Uliniambia mwenyewe.

Mchana akaja Mzee Nasiri. Unakumbuka kila ulipofika Ufunuo alikuja na jalada jipya la kitambaa alilolishona mwenyewe, lina mfuko wa penseli na mfuko wa miwani? Mara saba. Jana alikuja na la nane, la kaki, na uzi wa kijani ukingoni. Mama akamwambia, "Shemeji, rudi nalo. Hatumalizi."

Nasiri akakaa. Akaomba chai. Akasema, "Nani amekuambia mtamaliza? Mumeo hakumaliza hata siku moja. Nilimwambia zamani: sisi tukifika mwisho wa msahafu hatuufungi, kikao hicho hicho tunarudi sura ya kwanza. Akaniambia, 'Nasiri, hiyo nzuri, naichukua.' Na alichukua bila kuniomba, kama alivyochukua mkasi wangu mwaka ule."

"Najua," Mama akasema. "Nilikuwepo mara zote saba. Lakini aliyekuwa anarudi mwanzo ni yeye. Mimi nitarudi na nani?"

Nasiri akalilaza jalada magotini. Halafu akamuuliza kitu ambacho sisi wanao hatukuwahi kuuliza: "Shemeji, kwani Rutayisire hakutaka kukufundisha kusoma?"

Mama akatabasamu. "Alitaka. Kila mwaka alitaka. Alininunulia na daftari. Mimi ndiye niliyekataa."

"Kwa nini?"

"Nilijua nikijua kusoma, ataacha kunisomea."

Mimi nilikuwa mlangoni na birika mkononi. Miaka yote tulidhani Mama alichoka, au aliona aibu, au hakuwa na muda kwa sababu yetu. Kumbe alikuwa anailinda ile asubuhi yake na wewe. Nilirudisha birika jikoni nikalia kidogo, halafu nikaleta chai.

Leo saa kumi na mbili kasorobo tulifika, mimi na Bertrand, bila kujua tutakuta nini. Mama alikuwa ameshakaa mezani. Biblia iko mbele yake, imevaa kaki yake mpya, penseli iko mfukoni. Miwani yako iko kwenye mfuko wake wa pili, na waya wake wa shaba. Akasema, "Soma."

Bertrand alisoma Ufunuo ishirini na mbili yote, mto na mti na majani yake, mpaka amina. Pembeni kulikuwa na tarehe zako saba, moja chini ya nyingine. Akaandika ya nane chini yake. Tulikuwa tunamngoja Mama.

"Fungua mwanzo," Mama akasema.

Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikasafisha koo ili nisome. Mama akanishika mkono. Akaivuta Biblia kwake, akaweka kidole chake kwenye herufi kubwa ya kwanza kabisa, akauliza, "Hii ni nini?"

"Hiyo ni H, Mama."

Akaitazama sana. "Ni geti," akasema. "Nguzo mbili na chuma cha katikati. Johnson ametengeneza mangapi ya namna hii?" Kidole kikasogea. "Na hii?"

Chai ilipoa, Baba. Bertrand alichelewa karakana, wateja wanapiga simu, anazikata. H na a, ha. P na o, po. Alikosea, akarudi, kama wewe na yale majina, mpaka likakubali. "Hapo," Mama akasema. Akasema tena kwa sauti kubwa, kana kwamba uko chumba cha pili: "Hapo!" Kisha akakataa kuendelea. Eti limetosha kwa leo, neno moja kwa siku, yeye hakimbizani na mtu.

Bertrand, unamjua, akatoa simu akapiga hesabu. "Mama, kwa mwendo huu wa neno moja kwa siku, tutafika Ufunuo baada ya zaidi ya miaka elfu moja."

Mama akajimiminia chai baridi.

"Basi mtakuja sana," akasema.

Tumeandika pembeni kwa penseli yako: "14/10. Mama amesoma neno moja. Amecheka."

Tunaokukumbuka ni mkeo Kabagwira, aliyeanza mzunguko wa tisa, wanao Mukunde na Bertrand, mkweo Umuhoza, dada yako Pudentienne, ambaye bado anaombea masikio yake, na rafiki yako Nasiri wa Nyamirambo, anayeuliza mkasi wake uko wapi. Kesho saa kumi na mbili tuko pale, kwa neno la pili. Jina lako, Baba, hatutaliruka kamwe.